Nimezeeka gerejini Nakuru lakini umeme wa magari haunikai kichwani. Nisomeje?

Spana14, Nakuru

Habari zenu mafundi na walimu wa humu. Swali langu ni la kusoma, si la gari, ingawa gari limo ndani yake.

Mimi ni fundi wa magari hapa Nakuru, upande wa Free Area. Nilianza nikiwa tanboi wa kushika tochi na kuosha vipuri kwa dizeli, na sasa gereji ni yangu. Injini ya dizeli naifungua na kuifunga hata stima zikipotea. Kabureta nikiisikiliza najua kama jeti imeziba au hewa inapita mahali isipotakiwa. Kuna madereva wa malori wananipigia simu wakiwa Salgaa, wanaweka simu karibu na injini nisikie mlio, na mara nyingi nawaambia shida iko wapi kabla hawajafika mjini.

Lakini kazi hiyo inaisha nikiiona. Magari ya mtumba yanayoshushwa Mombasa hayaruhusiwi kuzidi miaka 8, kwa hivyo kila mwaka yanayoingia barabarani yana kompyuta zaidi na sensa (vifaa vya kupima vinavyoipa kompyuta taarifa) kila kona. Mteja anakuja taa ya injini imewaka. Mimi namwita kijana mwenye mashine ya kusomea kodi (namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huhifadhi), anachomeka, anasoma namba, analipwa kuliko mimi niliyeshinda chini ya gari. Tena si mara moja amebadilisha kipuri na taa ikarudi, na mteja ananilaumu mimi kwa sababu gereji ni yangu.

Nikaamua nisome. Usiku nikishafunga naangalia video za umeme wa magari mpaka macho yanauma. Video ikiwa inacheza naelewa kila kitu. Asubuhi nikisimama mbele ya gari, boneti juu, sikumbuki hata waya gani ulikuwa wa nini. Nimepata pia kitabu cha chuo, cha Kiingereza, nimekipiga mistari ya njano hadi kurasa nyingine hazina mahali peupe. Nasoma ukurasa, naurudia, naurudia tena. Kesho yake ni kama sijawahi kuuona.

Niliishia kidato cha pili. Mwalimu mmoja aliniambia mbele ya darasa kwamba akili yangu iko mikononi, nisijisumbue na vitabu. Nilimwamini. Kazi ya mikono imenilisha na imewasomesha wanangu, kwa hivyo sina kinyongo naye. Ila tangu siku hiyo kila kitu chenye hesabu au umeme nakipita mbali. Nilijiambia umeme ni wa waliosoma, mimi ni wa spana.

Sasa naomba kuuliza: akili yangu ndiyo imefika mwisho, au nasoma vibaya? Na kama nasoma vibaya, mtu mzima mwenye gereji na familia asome vipi? Naomba majibu ya watu wanaojua, si ya kunipa moyo tu.

---

GerejiMamboleo, Kisumu

Mzee wangu, heshima kwanza. Mimi nitakuambia ninavyoona. Kila mtu na fani yake. Ajiri kijana aliyetoka poli (chuo cha ufundi), mpe hiyo kazi ya kompyuta, wewe baki na injini ambayo hakuna kijana anakufikia. Muda utakaotumia kujifunza umeme ungefungua magari mangapi? Mimi nimefanya hivyo na gereji inaenda vizuri. Sisemi huwezi. Nasema hesabu faida.

---

FundiUmeme_Kondele, Kisumu

Mzee Spana14, habari ya jioni. Mimi ni mama, na ni fundi wa umeme wa magari hapa Kondele. Nimeona nikujibu kwa urefu kwa sababu hilo unalojiambia nalijua. Wewe ulijiambia umeme ni wa waliosoma, mimi niliambiwa ni wa wanaume. Wote tulipewa mpaka na mtu ambaye hakuwahi kutupima, tukakaa kuulinda kama vile ni wetu.

Nianze na hili kwa sababu naona hulioni: nusu ya umeme wa magari tayari unayo. Chukua kodi ya P0171. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi na mafuta machache. Kijana anaisoma, anaona neno oksijeni mahali fulani kwenye maelezo, anabadilisha sensa ya oksijeni, taa inarudi. Hiyo sensa haikuwa na kosa lolote, ilikuwa inatoa taarifa ya kweli. Sasa wewe jiulize: kwenye kabureta, injini ikiwa na hewa nyingi kuliko mafuta, ulikuwa unatafuta wapi? Gasketi ya manifoldi. Mpira wa hewa uliopasuka. Fueli pampu iliyochoka, chujio lililoziba. Ni mahali palepale! Kompyuta haikuleta ugonjwa mpya hapo, imeleta njia mpya ya kuuripoti.

Na mashine hiyo ya kodi ina ukurasa ambao wengi hawaufungui, unaoonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta kwa asilimia ngapi. Ikiwa karibu na sufuri, mambo sawa. Ikiwa imepanda hadi 20 au zaidi, kompyuta inamwaga mafuta ya ziada kufidia hewa isiyoipigia hesabu. Acha injini silensa, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, angalia namba. Kisha panda hadi mizunguko 2,500 hivi kwa dakika. Kama namba ilikuwa juu kwenye silensa na ikashuka ulipokanyaga, hewa inaingia kwa kuiba, maana ule ufa mdogo unaonekana mkubwa injini inapovuta hewa kidogo, na unapotea injini inapovuta nyingi. Kama ilikuwa sawa kwenye silensa ikapanda ulipoipa kazi, mafuta hayafiki ya kutosha, au sensa ya hewa imechafuka na inadanganya. Bana mpira wa hewa kwa vidole uone namba ikicheza. Wewe utausikia huo ufa kwa sikio kabla ya kijana kufungua mashine. Unachokosa ni kuunganisha sikio lako na hiyo namba.

Sasa kuhusu kusoma kwenyewe. Aliyenifundisha alikuwa mzee wa jua kali karibu na Kibuye, na alikuwa na sheria moja iliyonitesa sana mwanzoni: huruhusiwi kugusa gari kwa multimita (kipima umeme) kabla hujasema utapata nini. Nikisogeza ncha kwenye waya ananizuia mkono. "Sema kwanza." Nikisema volti 12, anauliza kwa nini 12. Nikisema sijui, ananirudisha nikaangalie mchoro. Nikishasema, napima. Nikikosea hasemi neno, ananiacha nitafute mwenyewe kwa nini namba si ile.

Nilidhani ananinyima kazi. Sasa naona ndiyo kazi yenyewe aliyokuwa akinipa. Ukisema kwanza, kichwa kinalazimika kutoa kilichomo, na pale ambapo hakuna kitu unapaona wazi. Ukiangalia video hakuna anayekuuliza. Fundi wa kwenye video ndiye anayefikiria, wewe unamsindikiza tu, ndiyo maana inakuwa rahisi, na ndiyo maana asubuhi hukumbuki.

Kwa hivyo video usiziache, zibadilishie matumizi. Angalia dakika chache, isimamishe pale kabla fundi hajapima, sema kwa sauti atapata nini na kwa nini, ndipo uendelee. Ikiisha zima simu, chukua kipande cha katoni ya vipuri, uchore saketi yote (njia nzima ya umeme) bila kuangalia. Utakwama. Hapo ulipokwama ndipo pa kurudia, si video nzima. Chora kwa maneno yako, waya wa kutoka betri uite waya wa kutoka betri. Mimi daftari langu la kwanza lilikuwa Kiswahili, Kiluo na michoro, na lilinifaa kuliko kitabu cha chuo.

Na anza na soketi ile ya mashine ya kodi, chini ya usukani. Ina matundu 16, safu ya juu 1 hadi 8, ya chini 9 hadi 16. Tundu la 4 ni la ardhi (upande hasi), la 16 ni la betri (upande chanya). Kabla hujapima, sema utapata ngapi. Betri nzima iliyopumzika huwa karibu volti 12.6. Washa injini, sema tena kabla ya kupima. Alteneta (inayochaji betri) ikifanya kazi utaona 13.8 hadi 14.5 hivi. Siku ukipata namba tofauti, hiyo ndiyo siku ya kusoma.

Ukishazoea, nenda kwenye matundu ya 6 na 14. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana nyaya mbili zinazoitwa CAN, ambazo kompyuta za gari huzungumza kupitia hizo. Toa kichwa cha betri kwanza, subiri kidogo, maana omu (kipimo cha ugumu wa umeme kupita) hazipimwi kukiwa na umeme. Weka ncha moja kwenye 6, nyingine kwenye 14. Kwa magari mengi utapata omu 60. Swali la kukaa nalo siku nzima ni hili: kwa nini 60, wakati kila mwisho wa laini hiyo kuna rezista (kipande kinachopunguza umeme unaopita) ya 120? Usitafute jibu kwenye simu. Chora kwanza, fikiria maji yakiwa na mabomba mawili ya kupitia badala ya moja.

Ndugu yangu GerejiMamboleo, hesabu yako ya faida naiheshimu na kuajiri si vibaya. Lakini mzee amesema mwenyewe kijana anabadilisha vipuri bila kujua na lawama inabaki kwake. Mwenye gereji asiyejua kukagua kazi ya kijana wake anategemea bahati. Kujua si lazima kuwe kwa ajili ya kushika kila gari mwenyewe. Hata kumuuliza kijana "kwa nini?" kunahitaji ujue.

---

MwalimuWaHesabu, Kakamega

Nafundisha hesabu sekondari. Mzee, yale ambayo dada wa Kondele amefundishwa na mzee wa Kibuye, wanasaikolojia wameyapima wakapata vilevile.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa miaka, akikariri silabi zisizo na maana, na akachapisha matokeo mwaka 1885. Baada ya saa moja faida ya kukariri kwake ilikuwa imeshuka chini ya nusu, na baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Kwa hivyo kusahau kesho yake si dalili kwamba akili yako imefika mwisho. Ndivyo kichwa cha binadamu kinavyofanya kikisoma kitu mara moja na kukiacha.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari za kusoma. Kundi moja lilisoma na kurudia kusoma. Jingine lilisoma mara moja, kisha likafunga na kuandika linachokumbuka, mara tatu. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40, waliojipima asilimia 61. Tazama mtego uliopo hapo. Kurudia kusoma kunakupa raha leo na hasara wiki ijayo, na mtu huhukumu kwa raha ya leo.

Hata hiyo kalamu ya njano imechunguzwa. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia utafiti wa mbinu 10 za kusoma. Kupiga mistari na kurudia kusoma waliziweka daraja la chini. Zilizopewa daraja la juu ni mbili: kujipima, na kutawanya masomo kwa siku mbalimbali badala ya kuyalundika usiku mmoja. Kwa mtu mwenye gereji hiyo ni habari njema, maana robo saa asubuhi kabla wateja hawajafika, ukajiuliza ya juzi na ya wiki iliyopita, ina faida kuliko usiku mzima wa video.

Naongeza jambo moja kutoka darasani kwangu. Watoto hufanya mada moja wiki nzima, wanapata vema zote, kisha wanaingia kwenye karatasi ya KCSE ambapo sehemu ya kwanza ina maswali 16 yaliyochanganywa, na wanakwama. Hesabu wanazijua. Hawakuwahi kufanya mazoezi ya kutambua ni hesabu ya aina gani. Kwako, usikae mwezi mzima kwenye sensa za hewa peke yake. Changanya: leo gari lisilowaka, kesho taa inayowaka na kuzima, kesho kutwa betri inayokufa usiku. Mteja haji na jina la mada.

Na kuhusu yule mwalimu, niseme kama mwalimu. Hakuna mtihani uliofanya ambao ungemwezesha kujua alichosema. Mtu anayetambua ugonjwa wa injini kupitia simu kutoka Salgaa anakusanya dalili, anatunga dhana, anaipima. Huko ndiko kufikiri, na mikono haiwezi kufanya hivyo peke yake. Inaniuma kwamba uliambiwa hivyo ukiwa mtoto.

---

WaKapsabet, Nandi

Nimesoma neno video nikamkumbuka Julius Yego, kijana wa huku kwetu Nandi. Hapa mtoto akiwa na nguvu za miguu anaambiwa akimbie, na kurusha mkuki kulionekana ni kazi ya Wazungu wa Ulaya. Yeye alikuwa akienda saiba, analipia intaneti, anaangalia kwenye YouTube wakina Jan Železný na Andreas Thorkildsen wanavyorusha. Mwaka 2015 kule Beijing alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, na mwaka uliofuata akapata fedha ya Olimpiki Rio.

Watu husimulia kama vile YouTube ndiyo ilimfanya bingwa. Saiba zilikuwa zimejaa watu wanaoangalia video. Yeye akitoka pale alienda uwanjani kurusha, anarudi kulinganisha. Na baadaye alienda Finland, Kuortane, kufanya mazoezi chini ya kocha. Kwa hivyo mzee, dada wa Kondele asikuache, na wewe usimwache. Video haiwezi kukuona ukikosea.

---

Spana14, Nakuru

Nimerudi. Nashukuru nyote, hata GerejiMamboleo, maana ameniambia bila kuficha.

Nimefanya nilivyoambiwa na nimeweka daftari kwenye droo ya spana. Ile ya 4 na 16 sasa naisema kabla ya kupima na kijana wangu ananicheki, naye nikimaliza namgeuzia swali. Hiyo ya maji na mabomba mawili nilikaa nayo. Nikachora rezista mbili kando kwa kando. Umeme una njia mbili, kila moja ina ugumu sawa, kwa hivyo unapita kwa urahisi mara mbili, ndiyo maana 120 inakuwa nusu yake. Niliposhika hilo nilikaa kimya kwenye stuli. Kumbe ni kitu ninachoweza kukifikia bila mtu kunishika mkono.

Sasa kuna gari la mteja hapa. Taa ya injini na ya ABS (mfumo wa breki) zinawaka na kuzima likipita matuta. Mashine ya kodi wakati mwingine inaingia kwenye injini, wakati mwingine inaandika hakuna mawasiliano. Kwingine walishambadilishia sensa ya gurudumu, haikusaidia. Nimetoa betri, nimepima 6 na 14. Nilisema 60. Nimepata 120. Multimita ni nzima, nimeijaribu kwenye gari lingine. Dada, hapo ni nini?

---

FundiUmeme_Kondele, Kisumu

Unajua nitakachosema. Sema kwanza.

---

Spana14, Nakuru

Sawa. Kama mabomba mawili yanatoa 60, na mimi naona 120, basi naona bomba moja tu. Rezista moja haifikiwi. Ama imekufa, ama waya wa kuifikia umekatika. Kwa kuwa inakuja na kuondoka kwenye matuta, nasema ni waya.

Nimepata mchoro wa gari hili. Mwisho mmoja wa laini uko kwenye kompyuta ya injini, mwingine kwenye dashibodi. Gari liliwahi kugongwa mbele kushoto, fenda si ya rangi ya kiwandani, na nyaya za kwenda kwenye injini zinapita hapo. Tena mawasiliano yanayopotea ni ya injini. Kwa hivyo nasema upande wa dashibodi ni mzima, wa injini umekatika. Lakini nitajuaje bila kufungua nyaya zote?

---

FundiUmeme_Kondele, Kisumu

Umesema vizuri sana mzee, sina cha kusahihisha. Betri ikiwa bado imetolewa, ncha za multimita ziache kwenye 6 na 14. Chomoa plagi ya mwisho mmoja, soma, irudishe. Kisha chomoa ya mwisho wa pili, soma. Andika kwanza unatarajia nini kwa kila moja.

---

Spana14, Nakuru

Nimeandika: nikichomoa dashibodi itaonyesha OL, yaani hakuna njia tena, kwa sababu nitakuwa nimeondoa rezista ya pekee inayoonekana. Nikichomoa kompyuta ya injini haitabadilika, itabaki 120, kwa sababu hiyo tayari ilikuwa haipo kwenye hesabu.

---

Spana14, Nakuru

Dashibodi: OL. Injini: 120 ileile.

Nikafuata nyaya kutoka kwenye kompyuta ya injini kurudi nyuma. Kwenye kona ya trei ya betri, chini ya ile fenda, aliyetengeneza ajali alikuwa amezungusha waya mmoja kwa mkono na kuufunga selotepu, bila kuulehemu. Nimeutoa selotepu, shaba imekuwa kijani. Nimekata sehemu iliyooza, nimelehemu, nimefunika kwa mpira wa joto. 6 na 14 sasa ni 60. Nimelizungusha gari barabara ya Lanet kwenye matuta yote, taa hazijawaka. Mteja hajabadilisha kipuri hata kimoja.

GerejiMamboleo, kijana nimemweka pia, umenishauri vyema hapo. Tunasoma wote wawili asubuhi kabla ya kufungua. Nataka tuingie kwenye sensa ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Nani ana mchoro mzuri wa nyaya zake tatu, niuchore bila kuangalia?

---

FundiUmeme_Kondele, Kisumu

Hongera mzee! Angalia kitu kimoja kabla hujamkabidhi mteja gari: nyaya hizo mbili za CAN hutoka kiwandani zimesokotwa pamoja ili kelele za umeme wa injini zisiziingilie. Pale ulipolehemu usiziache zimeachana kwa urefu mkubwa, zisokote tena ndipo uzifunge.

Mchoro wa krenki nakutumia usiku. Waya mmoja ni wa umeme kutoka kwenye kompyuta, mmoja wa ardhi, mmoja wa kurudisha habari. Kabla haujafika, wewe na kijana andikeni kila mmoja peke yake: injini ikizungushwa, ni waya gani kati ya hiyo mitatu utakaobadilika volti, na kwa nini hiyo miwili mingine haibadiliki.